Nani kasema Ngara inataka lenzi pana?

Na Mwandishi Wetu, Ngara na Biharamulo

“Mnapima?”

Sauti ilitoka nyuma yangu, na kichwa changu kilikuwa ndani ya kaniki. Nikajitoa. Mzee mmoja alikuwa amesimama hatua kumi hivi, panga mkononi, buti za mvua miguuni, akiikazia macho stendi ya miguu mitatu kama mtu aliyekuta mbuzi wa jirani kwenye maharage yake.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Nauliza, mnapima?”

“Hapana mzee. Tunapiga picha.”

Hakuamini, na sikumlaumu. Katika wilaya ya Ngara, mtu anayesimamisha miguu mitatu kilimani na kuchungulia ndani ya sanduku ni mpima ardhi mpaka athibitishe vinginevyo. Upande wa Kabanga kuna nikeli, na penye nikeli pana maneno ya fidia na ya kuhama. Upande wa mashariki kuna mipaka ya hifadhi. Miguu mitatu ikisimama, mwenye shamba huacha jembe aje aulize.

Ilikuwa saa moja kasoro robo asubuhi, mwishoni mwa Mei, na jua lilikuwa halijatoka. Saa ni moja nchi nzima, lakini jua si moja: majira hayo Ngara hulipata karibu nusu saa baada ya Dar es Salaam. Chini yetu bonde la Benaco lilikuwa limejaa ukungu mweupe, na malori ya Kigali yalikwisha kuanza kunguruma ndani yake bila kuonekana. Mkobani nilikuwa na holda sita, kila moja na karatasi mbili za filamu, jumla karatasi 12. Nilikuwa na lenzi mbili. Safari ya siku tatu ilikuwa inaisha na bado sikuwa nimeamua nifunge ipi.

Picha moja, kurasa mbili

Mhariri alitaka picha moja tu: mandhari ya Benaco, itandazwe kurasa mbili, na baadaye ichapwe kubwa ya kutundikwa ukutani. Ioneshe nchi ambayo miaka thelathini na ushei iliyopita haikuwa na nafasi ya kuweka mguu.

Wasomaji wa umri fulani wanakumbuka. Aprili 28 na 29, 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24 hivi. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lilisema halikuwahi kuona umati mkubwa ukikimbia kwa kasi ile. Wakaelekezwa Benaco, mahali palipopata jina kutoka kwa kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara. Wiki chache baadaye watu walikuwa wakisema huo ndio mji wa pili kwa ukubwa Tanzania, mji wa turubai za plastiki. Miti ikaisha kwa kuni. Desemba 1996 wakimbizi wakarudishwa kwao kwa njia ileile ya Rusumo, na vilima vikabaki vipara.

Leo vilima hivyo vina migomba, mihogo, mikaratusi na mabati mapya. Hakuna jengo moja la kumwambia mgeni kwamba hapa ndipo. Kwa hiyo picha ingebidi isemwe na ardhi yenyewe, na hapo ndipo dawati la picha lilipogawanyika kuhusu lenzi.

Kwa asiyeijua kamera tuliyobeba: ni sanduku la mbao linalokunjuka, mbele kuna kibao cha lenzi, nyuma kuna kioo cha ukungu, na katikati kuna mfuko mweusi wa mikunjo kama wa kodiani. Filamu yake haivingirishwi. Ni karatasi mojamoja ya inchi nne kwa tano, yenye eneo karibu mara 13 ya fremu ya filamu ya kawaida ya milimita 35. Ukiipiga vizuri, unaweza kuhesabu mabati ya nyumba iliyo kilima cha tatu. Ukiipiga vibaya, umeharibu karatasi ya bei mbaya ambayo hakuna mtu wa kuisafisha kati ya hapo na Mwanza.

Kuhusu gazeti, nikiri: wino wetu na karatasi yetu vingeridhika na simu. Ni ule ukuta uliotaka kamera kubwa.

Simu yako nayo ni lenzi pana

Vijana wa dawati walisema milimita 90. Hoja yao inaeleweka: nchi ni kubwa, basi beba lenzi inayomeza kikubwa. Kwenye filamu ya inchi nne kwa tano, lenzi ya milimita 90 huona digrii 67 za upana. Ya milimita 150 ndiyo huitwa ya kawaida kwa kamera hii, kwa sababu urefu wake unakaribia mshazari wa karatasi ya filamu, nayo huona digrii 44. Ya milimita 210 huona 32. Ya 300 huona kama 23 tu.

Lakini digrii 67 ni kitu ambacho msomaji anakibeba mfukoni kila siku. Ni karibu sawa na lenzi kuu ya simu nyingi za sasa. Ndiyo maana mtu huenda kilimani, akaona milima imesimama mbele yake mmoja nyuma ya mwingine hadi Burundi, akatoa simu, akapiga, halafu jioni akiwaonesha wenzake anajikuta anaomba radhi: “Hapa haionekani vizuri, lakini palikuwa pazuri sana.”

Kosa si la simu, ni la hesabu. Chukua kilima kilichoinuka mita 200 juu ya bonde, kipo kilomita tano kutoka uliposimama. Kwa lenzi ya milimita 90, kilima hicho kwenye filamu kina kimo cha milimita 3.6, kama punje ya mtama. Kwa milimita 210 kinafika 8.4. Kwa 300 ni milimita 12. Filamu yenyewe ina kimo cha milimita 95 hivi. Ukitumia lenzi pana, umepiga picha ya majani yaliyo miguuni pako na ya anga, na katikati umepitisha uzi mwembamba unaoitwa Ngara.

> Kwa lenzi pana, kilima cha mita 200 kinakuwa punje ya mtama.

Mkuu wetu wa zamani, mtu aliyeanza kazi enzi za vyumba vya giza, alikuwa upande wa pili kabisa. Alisema nibebe 300 peke yake na nisirudi na visingizio. Naye tulimpinga, kwa sababu ya mfuko wa kodiani. Lenzi ya milimita 300 ya muundo wa kawaida inahitaji ikae milimita 300 kutoka kwenye filamu hata ikitazama mbali kabisa, na zaidi ya hapo ikitazama karibu. Kamera nyingi za kubeba mgongoni hapo ndipo mfuko wake unapofikia mwisho. Ukivutwa hadi mwisho, unakuwa tanga la jahazi. Upepo kidogo tu, kamera inatikisika, na hesabu za mabati zimeisha. Basi nikabeba 90 na 210.

Bwana Grant alirudisha kamera

Ubishi wa nini kibebwe na nini kiachwe hapa kwetu si wa jana. Speke na Grant walipotoka Unguja mwaka 1860 kuitafuta asili ya Nile, kamera ilikuwamo kwenye mizigo, na James Augustus Grant ndiye aliyekuwa fundi wake. Picha za siku hizo zilipigwa kwenye vioo vilivyopakwa dawa, na kioo kilitakiwa kipakwe, kipigwe na kisafishwe kabla dawa haijakauka. Maana yake chumba cha giza kinasafiri na wewe, nacho ni hema dogo lililozibwa kila upande, ndani ya jua la nyika.

Speke mwenyewe ameeleza katika kitabu cha safari yake kwamba aliirudisha kamera pwani baada ya kuona joto la lile hema lingemuua mwenzake upesi sana. Grant akahamia kwenye penseli na rangi za maji, na michoro yake imehifadhiwa hadi leo Scotland.

Kwa hiyo walipofika Usui mwishoni mwa 1861, nchi ambayo sasa iko ndani ya Biharamulo na Ngara, hawakuwa na kamera. Mtawala wake, Suwarora, aliwatoza hongo hadi wakalia, na hakukubali kuonana nao uso kwa uso. Mandhari ya kwanza ya nchi hii kwenda Ulaya ikaenda kwa mkono wa mchoraji. Huwa nafikiri mchoraji alikuwa na bahati moja tuliyonyimwa sisi: akiona kilima ni kirefu moyoni mwake, anakichora kirefu. Hana haja ya kununua lenzi.

Miaka 33 baadaye, Mei 1894, Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alivuka Kagera penye maporomoko ya Rusumo kuingia Rwanda. Ukiongeza miaka mia moja, unafika kwenye ule umati wa 1994 ukivuka palepale, kwa upande wa pili.

Duara ambalo muuzaji hakulitaja

Watu wakichagua lenzi huuliza namba mbili: milimita ngapi na mwanga kiasi gani. Kwa kamera kubwa ya mandhari, namba ya pili haina uzito mkubwa. Hakuna anayepiga mlima kwa tundu lililofunguka lote. Utafunga hadi 22 au 32, maana namba ikipanda tundu linapungua. Wenye kupenda sifa hufunga hadi 64, namba ambayo Ansel Adams, Edward Weston na wenzao waliifanya jina la kundi lao kule California mwaka 1932. Ila tundu likiwa dogo mno, mwanga wenyewe huanza kutawanyika ukingoni na picha inalegea. Mimi huishia 32 na nalala usingizi.

Faida ya kulisahau tundu kubwa unaisikia mgongoni. Nikkor ya milimita 90 yenye tundu la 8 ina gramu 360. Ndugu yake wa urefu huohuo mwenye tundu la 4.5 ana gramu 600. Tofauti yao ni maji ya kunywa.

Namba ya maana ni ya tatu, na mara nyingi haiandikwi kwenye lenzi: duara la picha. Lenzi yoyote hutupa mwanga wa duara nyuma yake. Karatasi ya filamu ina mshazari wa milimita 153 hivi, kwa hiyo duara lisipofika hapo, pembe zinakuwa nyeusi. Lakini duara likitosha kwa kubana, umenunua kamera ya miondoko na kuifunga kamba. Raha yote ya sanduku hili ni kwamba kibao cha mbele kinapanda, kinashuka na kinainama. Ukitaka kilele kiingie bila kuinua kamera, unapandisha kibao, na filamu inahamia sehemu nyingine ya duara. Hakuna duara, hakuna kupanda.

Niliyajua haya kwa hasara. Lenzi yangu ya kwanza ya kamera kubwa ilikuwa Angulon ya zamani ya milimita 90, ndogo kama kikombe cha kahawa, nzuri ajabu kuishika. Muuzaji aliisifia ukali na wepesi, na hakusema uongo. Duara lake ni milimita 154. Picha yangu ya kwanza, nilipopandisha kibao sentimita mbili, ilirudi ikiwa na pembe mbili nyeusi kama mtu aliyepiga akiwa ndani ya pango. Ile Nikkor ndogo niliyotaja ina duara la milimita 235. Lenzi za 210 za kawaida hukaribia 300, na hapo unacheza utakavyo.

> Tundu kubwa ni la kujisifia. Duara kubwa ndilo la kupandia mlima.

Jambo jingine ni kwamba karibu kila lenzi ya namna hii utakayoiona ni mtumba. Nikon ilitangaza Januari 2006 kwamba inaachana nazo. Copal ya Japani, iliyotengeneza shata ambazo karibu kila mtu anazitumia, nayo imeacha. Kwa hiyo unanunua kama unavyonunua suti ya mtumba: unageuza nje ndani. Washa tochi ya simu, ipitishe nyuma ya kioo, tafuta nyuzi za kuvu zilizotambaa kama mizizi. Fyatua shata kwa sekunde moja na usikilize. Ikisita au ikichelewa kuita, kuna vumbi au grisi iliyoganda. Mbele kunaweza kuwa na mkwaruzo mmoja na picha isiharibike. Wanunuzi wengi huogopa mkwaruzo, kisha wanaondoka na kuvu.

Siku ya kwanza: Biharamulo

Tulianzia Biharamulo, na niseme wazi kwamba Biharamulo ilitushinda. Barabara kutoka Nyakanazi kwenda Lusahunga na Nyakahura inapita kwenye pori ambalo madereva wa zamani hulisimulia kwa sauti ya chini, kwa sababu ya enzi ambazo mabasi yalivushwa na polisi wenye silaha. Sehemu kubwa ya mapori hayo tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, kilomita za mraba 4,707. Ukipiga ndani ya hifadhi kwa kazi ya gazeti, kibali ni cha TANAPA, na kinaombwa mapema.

Tatizo la pori ni kwamba halina mbali. Miti inaanza mita tano kutoka ukingoni mwa lami na inaendelea hivyo hivyo. Lenzi ndefu inakupa ukuta wa matawi, pana inakupa barabara. Hapo nilijuta kutobeba ile ya 150, lenzi ambayo hakuna aliyeitetea pale ofisini kwa sababu haina mashabiki. Ingenipa mti mmoja na nafasi yake.

Mjini Biharamulo tuliifungulia kamera ile ngome ya Wajerumani iliyoko juu ya kilima, ya mwanzoni mwa karne iliyopita, wenyewe huiita Boma. Hapa 90 ilikula mshahara wake. Kuta ni nene na uwanja wa kurudi nyuma ni mfupi. Ukiinua kamera kutafuta paa, kuta zinalala nyuma kama zinaanguka. Kamera ikabaki wima kama timazi, kibao cha mbele kikapanda sentimita tatu, na ukuta ukasimama kama ulivyojengwa. Karatasi mbili zikaenda pale. Si kazi niliyotumwa, lakini nani angeacha?

Siku ya pili: Rusumo

Rusumo ni mahali pengine ambapo wa lenzi pana wana haki yao. Juu kidogo ya maporomoko, Ruvubu inayotoka Burundi imekutana na Kagera, kisha maji yote yanajibana penye mwamba na kushuka mita 15 hivi. Unasimama karibu, maji yanaanza miguuni pako, na ng’ambo ni Rwanda. Kitu kikiwa karibu na kikubwa, milimita 90 haikidhalilishi. Inakifanya kije.

Lakini Rusumo ina mambo yake. Kuna mpaka, kuna daraja jipya lililozinduliwa na marais wa nchi mbili Aprili 2016, na kuna mitambo ya umeme ya megawati 80 inayogawanwa sawa na Tanzania, Rwanda na Burundi. Sehemu ya maji sasa inaingia kwenye handaki kwenda kuzungusha mitambo badala ya kuruka mwambani. Usalama na umeme vikikaa pamoja, mtu mwenye kaniki kichwani hawezi kujitokezea tu. Tulieleza, tukasubiri, tukaeleza tena kwa mkubwa zaidi. Tuliporuhusiwa, tukaelekezwa pa kusimama na wapi tusielekeze kamera. Wanaosema “leta droni umalize” wakumbuke kwamba droni nayo ina vibali vyake kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na mpakani si mahali pa kujaribu bahati.

Kijana mmoja anayepiga picha za harusi pale Benaco alifuatana nasi siku hiyo, na ndiye aliyeniuliza swali la maana kuliko yote ya ofisini.

“Kaka, kwa nini usipige kwa hiyo pana, halafu ukate kipande unachokitaka?”

Nikamwambia yuko sahihi kuliko anavyojua. Lenzi haibadilishi uhusiano wa vitu. Ukisimama palepale, kilima cha mbele na cha nyuma vitakuwa vilevile kwa lenzi zote. Kinachobadilika ni pa kukatia tu. Uhusiano wa vitu unabadilishwa na miguu yako. Ndiyo maana anayetaka kurudia picha za 1994 aanze kutafuta jiwe walilosimama wapigaji wa siku zile. Sebastião Salgado, Mbrazili aliyefika Benaco mwaka huo na picha zake kuingia katika kitabu chake cha mwaka 2000, alitumia kamera ndogo za milimita 35, na lenzi yake hata ukiijua haitakusaidia kama umesimama kilima kingine.

“Basi kamera yote hii ya nini?” akauliza tena.

Kwa sababu ukikata kipande cha digrii 32 kutoka kwenye digrii 67, umetupa zaidi ya robo tatu ya filamu. Umebeba sanduku la kilo kadhaa mlimani kisha umerudi na kipande cha filamu cha kamera ya mkononi. Akacheka, akasema bora yeye na simu yake. Sikuwa na jibu la kumshinda.

Masika ndiye msaidizi wa lenzi ndefu

Kuna jambo ambalo ubishi wa ofisini haukuligusa, nalo ni hewa. Julai na Agosti, mbuga zikichomwa moto, Ngara hujaa moshi wa buluu. Kilima cha pili kinafifia, cha tatu hakipo. Miezi hiyo lenzi ya 210 au 300 ni mzigo tu. Itakuletea moshi kwa karibu zaidi. Filta ya njano au ya rangi ya chungwa hupunguza ukungu mwembamba kwa filamu nyeusi na nyeupe, lakini haifagii moshi. Mwezi wa kiangazi, anayesema 90 yuko sawa: piga kilicho karibu, acha cha mbali.

Mwishoni mwa Mei ni kinyume. Masika imefua anga, majani hayajakauka, na milima inahesabika mmoja mmoja. Mtu akikuuliza lenzi gani ya Ngara, muulize kwanza anakwenda mwezi gani.

> Mtu akikuuliza lenzi gani ya Ngara, muulize kwanza anakwenda mwezi gani.

“Kwangu hakumo”

Turudi kilimani, kwa mzee na panga lake.

Njia fupi ya kumwonesha kwamba sipimi ilikuwa kumwingiza ndani ya kaniki. Nikafunga 210, nikaelekeza bonde, nikamkaribisha. Alisita, akaweka panga chini, akainama. Kimya kirefu. Kwenye kioo cha ukungu dunia inakaa kichwa chini na kushoto kulia, na macho huhitaji muda.

“Milima imeanguka,” akasema kutoka ndani.

“Izoee kidogo mzee.”

Akaizoea upesi kuliko wanafunzi wengi. Kidole chake kikaanza kutembea juu ya kioo, akitaja. Hapa palikuwa na turubai mpaka juu. Huku watu walikuwa wakishuka na ndoo, usiku na mchana. Mlima huu haukubaki na mti, hata wa kumfungia mbuzi. Kisha kidole kikafika ukingoni mwa kioo na kusimama.

“Kwangu hakumo.”

Nikatoa 210, nikafunga 90. Akainama tena. Safari hii alikaa kidogo tu.

“Sasa kumo,” akasema akijinyoosha, “lakini hakuonekani.”

Nilitamani dawati zima la picha lingekuwapo. Nikarudisha 210, nikaizungusha kamera kushoto digrii chache mpaka bati lake na moshi wa jiko lake vikaingia chini ya kilima, nikatoa sehemu ya barabara ambayo sikuihitaji. Kibao cha mbele nikakiinamisha kidogo sana. Ni ile kanuni inayoitwa kwa jina la Theodor Scheimpflug, Mwaustria aliyeieleza mwaka 1904: ukiinamisha lenzi, ukali wa picha unalala pamoja na ardhi badala ya kusimama kama ukuta. Ukizidisha, majani ya maharage yaliyo karibu yanakuwa makali na ncha za migomba zinapotea. Migomba ilikuwa mitatu, mirefu, upande wa kulia. Nikarudisha nusu ya nilichoinamisha.

Jua likagusa kilima cha nyuma, cha Rwanda, kabla ya kugusa chetu. Tundu 32, sekunde mbili. Sekunde mbili ni nyingi kwa jani la mgomba. Tulisimama tukiyaangalia majani, mimi na waya wa kufyatulia mkononi, mzee akiwa amenyanyua kiganja kama mwamuzi wa mpira. Upepo ukapita, majani yakaning’inia.

“Sasa,” akasema.

Nilipiga tatu kwa namna hiyo, moja tu kati yake ikiwa na jani lililotikisika. Lenzi ya 90 ilibaki mkobani mpaka tunashuka.

Mzee akaomba ya kwake. Nikamweleza kwamba filamu hii haisafishwi hapa, itakwenda Dar es Salaam, na itachukua kama wiki mbili, labda tatu, kisha nitaituma kwa basi.

Akaokota panga lake.

“Na wapima nao,” akasema, “husema hivyo hivyo.”